Kazi ya nta imetoka mbovu? Ulizia metali kabla ya kulaumu plasta

Seremala mmoja wa milango, mzee aliyeanza kuchonga tangu ujana wake, aliniletea msumari wa shaba uliong'oka kwenye mlango wa zamani pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Si msumari wa kugongea mbao, ni ule wa pambo, wenye kichwa kikubwa cha mviringo na ncha katikati. Alitaka kumi na miwili inayofanana nao. Nikachonga nta, nikaipachika mirija ya kupitishia metali, nikaimwagia plasta, nikachoma kalibu (hilo ganda la plasta) nta itoke, nikamimina. Nilipovunja kalibu, mitatu haikuwa na ncha, minne ilikuwa na matundu kama andazi lililoumuka kupita kiasi, na miwili ilikatika shingoni nilipoigonga kidogo tu.

Nikabadilisha plasta. Nikaongeza mirija. Nikachoma kalibu usiku kucha. Mara ya tatu mzee alikuja mwenyewe karakana, akaokota kipande kilichokatika, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mwanangu, hii si shaba moja," akasema. "Umepika mchele na mahindi chungu kimoja."

Alikuwa sahihi. Ndoo yangu ya skrepa ilikuwa na koki za maji, vipande vya rejeta, bushi za pampu, na kitasa kimoja cha rangi ya dhahabu ambacho ndani yake hakikuwa na shaba ya kutajika. Tangu siku hiyo, kazi ikitoka mbovu naihoji metali kwanza, ndipo nageukia plasta, na maelezo haya yanafuata mpango huo. Nimeyaandika kwa ajili ya fundi mwenye tanuri la mkaa na feni, anayenunua metali yake kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu, kama wengi wetu hapa.

Tukubaliane majina. Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka kwenye kalibu. Kusubu kwa nta ni pale unapochonga umbo kwa nta, ukalifunika kwa plasta au udongo, ukaiyeyusha nta itoke, metali ikachukua nafasi yake. Siwa ya shaba ya Lamu, lile baragumu kubwa, ilitengenezwa kwa njia hiyo, na sanamu za Benin kule Nigeria vilevile. Shaba nyekundu ni shaba tupu, ile ya nyaya za umeme. Brasi ni shaba na zinki. Bronzi ni shaba na bati, na bati ninalosema ni metali yenyewe, ile inayochimbwa Kyerwa mkoani Kagera, si bati la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Hizo sanamu za Benin dunia nzima inaziita bronzi, na nyingi kati yake ni brasi. Kwa hiyo jina ulilopewa na muuzaji lichukue kama dokezo tu.

Hujui ulichoyeyusha

Hii si dalili ya kazi, ni dalili ya fundi, na inazaa karibu zote zinazofuata.

Piga tupa mahali pasipoonekana uangalie rangi ya ndani. Njano mbichi ni brasi. Njano inayovutia kwenye wekundu au hudhurungi huenda ni bronzi. Kijivu cheupe chini ya ngozi ya dhahabu ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki iliyopakwa rangi. Sumaku ikishika, kuna chuma ndani: skrubu, springi, pini. Kitoe kabla hakijaingia motoni.

Jicho linadanganya, mizani haidanganyi. Chukua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Pima kipande kikavu, uandike. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza kipande kwa uzi mpaka kizame chote bila kugusa chini wala ukuta wa bakuli. Namba inayosomeka sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Koki yangu moja ilikuwa gramu 420, maji gramu 50. Jibu 8.4: brasi. Kile kitasa cha dhahabu kilitoa 6.7, na hapo nikajua kilichoniponza. Alminiamu hutoa karibu 2.7, aloi za zinki kati ya 6.6 na 7.1, brasi 8.4 hadi 8.7, bronzi ya bati karibu 8.8, shaba nyekundu 8.9, fedha safi 10.5, risasi 11.3. Kwenye vitu vyenye uwazi ndani, kama koki, fungua kila kitu na utikise mapovu ya hewa yatoke, la sivyo namba itakuja ndogo kuliko ukweli.

Ukipata kipande cheupe kinachotoa 1.7 au 1.8, kiweke kando kabisa. Hiyo ni magnesiamu, na baadhi ya maganda ya mashine hutengenezwa kwayo. Ikishika moto kwenye tanuri, maji hayaizimi, yanaichochea. Kama huna mizani, dondoshea siki pale ulipopiga tupa: magnesiamu hutoa povu papo hapo, alminiamu hutulia.

Moshi mweupe tanurini, na usiku unatetemeka

Hii ni brasi, na mara nyingi ni brasi ya koki. Zinki huchemka kwa nyuzi 907 za sentigredi. Brasi ya koki, yenye zinki karibu asilimia 40, huyeyuka karibu nyuzi 900, na ile yenye zinki 30 huyeyuka karibu 950. Maana yake unapofikisha joto la kumimina zinki tayari inataka kuondoka. Inatoka kama mvuke, inakutana na hewa, inakuwa unga mweupe unaoelea kama sufi ya msufi. Ukiuvuta wa kutosha, saa chache baadaye, mara nyingi ukiwa umeshalala, unapata baridi, homa, kiu, mwili kuuma, na ladha ya chuma mdomoni.

Hapa pwani mtu akitetemeka usiku kila mmoja atasema malaria. Nenda ukapime, usikisie, lakini mwambie daktari kwamba mchana ulikuwa unayeyusha brasi. Homa ya moshi wa zinki kwa kawaida huondoka yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Malaria haina tabia hiyo, na kuichelewesha kwa kudhani ni moshi ni hatari kubwa kuliko moshi wenyewe.

Dalili ya pili ya kosa hilohilo iko kwenye kazi: imetoka nyekundu kuliko koki ulizotia chunguni. Zinki imekwenda, shaba imebaki, na aloi uliyomimina siyo uliyoichagua.

Cha kufanya: tanuri liwe nje, mgongo wako upande upepo unakotoka, iwe kusi au kaskazi. Yeyusha haraka kwa moto mkali kuliko kupika polepole kwa saa nzima. Funika uso wa metali kwa tinkali, ambayo wengine huiita boraksi, au kwa chupa iliyopondwa. Ikiyeyuka inakuwa blanketi. Usikoroge bila sababu. Miali ya kijani na nyeupe ikianza kucheza juu ya chungu, zinki inakuaga: toa umimine. Mafundi wengi huongeza zinki asilimia 1 au 2 mwishoni kufidia iliyopotea. Ikiwa utafanya hivyo, ipashe moto kwanza ikauke kabisa, kisha isukume chini ya uso kwa koleo.

Jambo moja sitalipita kwa haraka. Koki na vipuri vya mashine mara nyingi vina risasi, kama asilimia 2 au 3, iliyowekwa ili brasi ichongeke vizuri. Rejeta nazo zimeungwa kwa risasi. Metali hizo usitengenezee kijiko, kikombe, kijaluba cha tambuu, wala kitu kitakachoshikwa na mtoto mdogo. Tafadhali.

Ncha hazikujaa, kingo zimeviringika

Ukivunja kalibu ukakuta kingo laini zilizoviringika kama sabuni iliyotumika, metali iliganda njiani kabla ya kufika. Wengi hukimbilia kuongeza moto. Moto unaweza kuwa jibu, lakini jiulize kwanza kama metali hiyo iliumbwa kutiririka.

Alminiamu ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Profaili za madirisha, zile fremu zinazobaki kwa mafundi wa alminiamu, ni safi, zinang'aa, na zinashawishi. Lakini zilitengenezwa ili zisukumwe kwenye tundu zikiwa ngumu, si ili zimiminwe. Silikoni yake haifiki asilimia 1. Rimu za gari zina silikoni karibu asilimia 7, pistoni karibu 12, na silikoni ndiyo inayoifanya alminiamu itiririke mpaka kwenye kidole cha sanamu. Sufuria kuukuu ni karibu alminiamu tupu na hujaza vibaya. Makopo ya soda huacha utando na takataka nyingi kuliko metali. Mimi nimeyaacha kabisa. Ukipata rimu au ganda la injini la alminiamu, hapo una kitu. Tena alminiamu ni nyepesi, haina uzito wa kujisukuma yenyewe kwenye mapengo membamba, kwa hiyo mrija wa kumiminia uinue juu zaidi kuliko ungefanya kwa bronzi.

Upande wa shaba, kosa la kawaida ni kumimina shaba nyekundu tupu. Inavutia kwa sababu waya ni safi na rangi yake nzuri. Lakini inayeyuka kwa nyuzi 1,085, inahitaji zaidi ya 1,150 ili imiminike, inanyonya gesi kama sponji na kuitema inapoganda, na kwenye mapengo membamba inakwama. Ongeza bati asilimia 10 na tabia inageuka: bronzi hiyo huyeyuka karibu nyuzi 1,000 na inajaza vizuri. Waya nao ununue kwa mtu unayemjua. Ule ulioibwa nguzoni umeshawaletea watu wengi giza.

Kama metali ni sahihi na bado haijajaa, sasa angalia joto, la metali na la kalibu pia. Kwa kalibu ya plasta mimi humimina alminiamu kwa nyuzi 700 hadi 750, kalibu ikiwa imeshuka hadi 200 au 300. Brasi, 1,000 hadi 1,050. Bronzi, karibu 1,100 hadi 1,150, kalibu ikiwa 400 hadi 500. Kalibu ikipoa sana wakati unatafuta koleo, hakuna aloi itakayokusaidia.

Matundu

Kata kipande katikati kwa msumeno, kisugue kwa msasa mpaka kilainike, ukitazame kwa lenzi. Matundu ni ya aina mbili, na dawa zake haziko upande mmoja.

Tundu la mviringo, laini ndani, linalong'aa, ni la hewa au gesi. Tundu la mabonde na meno, kama jino lililooza, tena likiwa pale kazi ilipo nene au pale mrija ulipoungana na kazi, ni la kusinyaa: metali iliganda nje, ndani ikaendelea kupungua, na hapakuwa na akiba ya kuijaza.

Gesi kwenye alminiamu ni haidrojeni, na haidrojeni inatoka kwenye unyevu. Wakati wa masika hapa Bagamoyo nguo haikauki, mkaa haukauki, na skrepa iliyolala nje imejaa maji kwenye kila mkunjo. Alminiamu iliyoyeyuka inavunja mvuke wa maji, inabeba haidrojeni, na inapoganda uwezo wake wa kuishika unashuka karibu mara 20. Haidrojeni yote iliyozidi inabaki kama vipovu. Kwa hiyo kausha skrepa juu ya tanuri kabla ya kuitia, choma mafuta ya pistoni kwanza, pasha moto koleo na upawa, na usiiache alminiamu ikikaa motoni huku unamalizia kuchomea kalibu. Ukiiona inang'aa nyekundu kivulini, imeshapita. Na zaidi ya matundu, kipande kimoja chenye maji ndani kikizama kwenye metali iliyoyeyuka kinalipuka. Mimina juu ya mchanga mkavu, kamwe si juu ya saruji, kwa sababu saruji nayo ina unyevu na hupasuka ikimwagikiwa.

Mchanga huo usiwe wa ufukweni. Una makombe yaliyosagika, na makombe ni chokaa ghafi inayotoa gesi ikipata moto mkali. Ukiuchanganya kwenye kalibu ya brasi umejitengenezea matundu kwa mikono yako.

Kusinyaa ndiko kunakodai uchague aloi kwa makini. Bronzi ya shaba 90 na bati 10 haigandi mara moja. Inaanza kuganda karibu nyuzi 1,000 na haimalizi mpaka imeshuka karibu 850. Kati ya hapo ni uji, na uji haupiti kwenye njia nyembamba kwenda kujaza pengo. Matokeo ni vijitundu vidogo vilivyotapakaa kote, visivyoonekana mpaka unapopiga msasa. Kwa sanamu ya mezani si neno. Kwa bomba la maji itavuja.

Dawa ya kwanza ni kuweka mrija mnene pale kazi ilipo nene, na juu yake kisima cha akiba kitakachoganda mwisho. Dawa ya pili ni kubadilisha aloi. Bronzi ya silikoni, yenye shaba karibu 95, silikoni karibu 4 na manganizi 1, haina uji mrefu kiasi hicho, haitoi moshi wa zinki wala risasi, na wachonga sanamu wengi wa Marekani wameifanya kuwa aloi yao ya kila siku. Hapa kwetu inapatikana kama fimbo za kulehemu, na bei yake inauma. Dawa ya tatu, ambayo mimi naipenda, nitaifikia chini.

Kwa wafua fedha: fedha safi ikiyeyuka inanyonya oksijeni nyingi, na inapoganda inaitema mpaka uso unarusha cheche na kuota vipele. Ile ya 925, yenye shaba asilimia 7.5, ina nafuu. Ifunike kwa tinkali na mkaa.

Inakatika ukiigonga

Tazama uso wa mkatiko. Ukiwa wa kijivu na chengachenga kama sukari, umechanganya kitu kisichopatana.

Aloi ya zinki ikiingia kwenye brasi yenye zinki nyingi tayari, zinki ikafika karibu nusu ya uzito wote, brasi inakuwa kama kigae. Hicho ndicho kilichokata shingo za misumari yangu. Bronzi yenye bati 20 hulia vizuri, ndiyo ya kengele, lakini iangushe sakafuni uone. Alminiamu iliyoyeyushwa mara nyingi kwenye chungu cha chuma bila kukipaka udongo inakula chuma kidogo kidogo, na chuma hicho kinajijenga kama sindano ndani yake. Dhahabu ni mbaya zaidi: risasi kidogo sana, hata ya ulehemu uliobaki kwenye pete kuukuu, inatosha kuifanya ipasuke chini ya nyundo.

Profaili ya dirisha nayo hupasuka ikiwa bado moto ndani ya kalibu, hasa pembeni palipo na kona kali. Rudi kwenye rimu.

Utando kama ngozi ya maziwa juu ya shaba

Unamimina bronzi, na badala ya kuteremka kama mafuta inateremka ikiwa imevaa ngozi, na ngozi ile inaingia kwenye kazi kama mikunjo. Kuna alminiamu ndani, au silikoni. Kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu bronzi ya bati yenye risasi. Ndiyo sababu bronzi ya silikoni usiichanganye na bushi za pampu, na chungu ulichoyeyushia alminiamu usikitumie kwa shaba, hata kama umekikwangua. Nina vyungu vitatu vyenye alama za rangi, na kijana wangu wa karakana anajua kwamba kwenye hilo sina mzaha.

Uso mweusi wenye vipele, harufu ya kiberiti

Plasta ya kawaida ni jasi. Ikikutana na mkaa au mabaki ya nta isiyoungua vizuri, kuanzia nyuzi 700 na kitu inaanza kuvunjika na kutoa gesi ya salfa. Gesi hiyo inaula uso wa shaba na fedha. Maana yake kwa mchaguaji wa metali ni rahisi: kadiri aloi inavyohitaji joto kubwa, ndivyo plasta inavyokuwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Alminiamu haina tatizo. Brasi na bronzi zinapita kama kalibu imechomwa hadi 730 hivi, ikabaki nyeupe safi bila doa la masizi, kisha ikaachwa ishuke kabla ya kumimina. Shaba nyekundu iko ukingoni. Chuma na chuma cha pua, usijaribu kwa plasta hata mara moja.

Maji ya visima vyetu yenye chumvi huharakisha plasta kuganda, utaikuta imeshika kabla mapovu hayajatoka. Tumia maji ya mvua au ya bomba.

Ilitoka nzuri, ikaharibika baada ya miezi

Hili ndilo linaloniumiza, kwa sababu mteja ameshalipa na ameshajivunia kazi yake. Hewa ya Bagamoyo ina chumvi. Nyumba inayotazama bahari inapokea umande wa chumvi kila usiku.

Brasi yenye zinki inayozidi kama asilimia 15 hunyang'anywa zinki yake na maji ya chumvi. Utaona madoa ya waridi, kisha mahali hapo panakuwa laini na penye vishimo kama sponji, shaba imebaki bila nguvu. Umbo lipo, uimara haupo. Kwa pambo la ndani si shida. Kwa bawaba ya lango la nje, au kwa kifungo cha usukani wa dau, ni kosa, na baharini linaweza kumgharimu mtu zaidi ya fedha.

Alminiamu ya rimu huvumilia, ikiota unga mweupe na vishimo vidogo. Lakini ukiifunga pamoja na shaba, chumvi ikipita katikati, alminiamu italiwa mpaka iachie. Ni vivyo hivyo kwa msumari wa chuma unaoshika pambo la bronzi: pambo linabaki zuri, msumari unaoza nyuma yake, na siku moja pambo liko chini. Funga bronzi kwa shaba au kwa bronzi.

Bronzi ya bati hupata kutu ya kijani iliyotulia, ambayo wengi huipenda. Ukiona unga wa kijani cheupe unaotoka tena kila ukiufuta, hiyo ni chumvi iliyoingia ndani. Osha kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, kausha kabisa, kisha paka nta.

Hapa ndipo ninapofikia ile dawa ya tatu. Miili ya pampu za zamani na valvu kubwa za maji mara nyingi ni bronzi ya 85, 5, 5, 5: shaba 85, bati 5, zinki 5, risasi 5. Inajaza vizuri, inachongeka, zinki yake ni ndogo mno kunyang'anywa na bahari, na rangi yake ina wekundu mzuri unaofanana na shaba za zamani. Ina risasi, kwa hiyo yale niliyoyasema kuhusu moshi na vyombo vya chakula yanasimama palepale. Kwa vifaa vya milango na mapambo ya nje hapa pwani, ndiyo chaguo langu.

Misumari kumi na miwili, mara ya nne

Nilipima nta yote pamoja na mirija: gramu 380. Kwa brasi na bronzi zidisha uzito wa nta kwa 10, kwa fedha 11, kwa alminiamu 3, na utakuwa na ziada kidogo ya kujaza kisima. Nikahitaji kilo 3.8. Nikanunua mwili wa pampu uliopasuka, nikaupima kwenye bakuli: 8.8. Sumaku haikushika. Tupa ikaonyesha wekundu. Nikaukata, nikauchoma grisi, nikauyeyusha peke yake kwenye chungu chenye alama nyekundu, nikamimina kwanza kipande kidogo kwenye mchanga, nikakigonga kwa nyundo kikiwa kimepoa. Kilipinda bila kukatika. Ndipo nikamimina kalibu.

Kumi na mmoja ilitoka safi. Wa kumi na mbili ulikuwa na tundu moja la mviringo nyuma, kosa la mapovu kwenye plasta safari hii, na niliumimina upya kwa mabaki ya mrija. Kilichobaki nimekisubu kuwa mikate midogo, kila mmoja umegongwa herufi P na namba 8.8, na iko kwenye kopo lake peke yake, mbali na ile ndoo.